Kiapo Alichokidai Turkiya

Turkiya binti Zuhair alilelewa kwa jina la mtu. Watoto wenzake walitishiwa majini na mumiani. Yeye akiamka aliambiwa asimsahau Khalaf bin Nadhir wa Ibra, na akikaa kula aliambiwa vile vile. Hakumsahau. Alimkumbuka hata siku alizotakiwa kufurahi. Siku matokeo ya mtihani wa kumaliza skuli yalipobandikwa ukutani pale Sur na jina lake likaonekana juu kabisa, wenzake walipiga vigelegele, naye akasema moyoni, "Nakuja, mzee." Tusimsafishe. Alikuwa mtu wa kisasi, na kisasi ndicho kilichomfanya mwanasheria.

Mambo yalianza mwaka 1971, mlango wa Oman ulipofunguliwa kwa watu wake waliokuwa ng'ambo. Zuhair, baba yake, alikuwa karani bandarini Unguja, na baada ya mapinduzi alibaki na suruali mbili na ukarani wa zamani. Akamchukua mkewe Mabruka na binti yake wa miaka tisa, akarudi Ibra alikozaliwa. Wakafikia katika shamba la mitende lenye nyumba ya udongo, mfereji wa falaji ukipita nyuma ya jiko. Zuhair alisema, "Hapa ndipo nilipozaliwa," na kwa mtoto maneno hayo yalitosha. Shamba ni letu, basi.

Ibra haikuwapokea kwa maua. Mama yake Zuhair alikuwa mwanamke mweusi aliyeletwa kutoka Mrima, na weusi wake ulikuwa umepita kwa mwanawe ukatua kwa mjukuu bila kupungua. Jirani wa shamba alikuwa huyo Khalaf, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka, imamu wa msikiti mdogo wa mtaani. Alikuwa na watoto wa kiume wanne waliokaa juu ya ukuta kutwa, na Turkiya akienda falajini kuteka maji walimwita khadima, mtumwa wa kike. Turkiya hakulijua neno hilo. Alimwuliza baba yake maana yake, na Zuhair akajifanya ana kikohozi.

Zuhair hakukaa sana. Mwaka wa tatu aliugua kifua, akafa. Eda ya Mabruka ilipokwisha, Khalaf alikwenda kwa kadhi akadai shamba.

Hapa lazima tueleze tabia moja ya Mabruka, maana bila hiyo hakuna kisa. Alikuwa mtoto wa Malindi ya Unguja, kalelewa na bibi aliyekuwa akifinya midomo ya watoto wakisema wallahi. Waungwana wa Oman hawaapi, bibi huyo alikuwa akisema. Mwungwana heri alipoteze shamba kuliko kulitia jina la Mungu katika mali. Ndivyo watu wa Unguja walivyoitunza Oman yao, kama nguo ya Idi iliyokunjwa sandukuni. Oman yenyewe ilikuwa imeendelea kuvaa nguo zake za kila siku. Kwa kadhi wa Ibra, mwanamke aliyekataa kuapa alikuwa mwanamke aliyekataa kuapa tu, na sheria ilijua la kufanya naye.

Turkiya alisimama mlangoni mwa ngome ya liwali, miaka yake kumi na miwili, akaona yote. Khalaf alisema, "Zuhair alinipa shamba lile kwa mdomo wake. Mashahidi wangu wamekufa."

Kadhi, mzee mwenye macho mabovu, akamgeukia Mabruka. "Dai hili halina shahidi. Apa kwa Mungu kwamba hujui kama mumeo alimpa, na shamba ni lako na mwanao."

Mabruka akasema, "Siapi."

Kadhi akasema maneno mengine, marefu, Kiarabu cha vitabuni ambacho mtoto wa Unguja hakukiweza. Mabruka akatikisa kichwa. Kadhi akangoja, akauliza tena, akatikisiwa kichwa tena. Basi akahukumu kwamba aliyekataa kiapo hana shamba. Hakuandika kitu, maana siku zile hukumu nyingi ziliishia mdomoni.

Wakati wanafunga vitu vyao, mke wa Khalaf alikuja akasimama mlangoni akizungumza na Mabruka kwa sauti ya chini. Mabruka alimfungia mlango usoni. Turkiya aliona sawasawa kabisa: kaja kutucheka. Joto la mwezi huo lilikuwa la kukaanga samaki juani, na katika joto hilo walipanda gari la mzigo kwenda Sur, kwa binamu wa Mabruka aliyekuwa na chumba cha uani. Njia nzima mtoto alijiambia jambo moja. Yule mwanamume aliijua heshima ya mama yangu, akaitumia kumfunga nayo.

Sur kulikuwa na Waswahili wengi, na Mabruka alipokewa vizuri. Alishona kofia za mkono, zile nyeupe za matundu madogo madogo ambazo wanaume wa Oman wote wanazivaa na ambazo hakuna aliyezishona kama wanawake wa Unguja. Wenzake wakija kukaa naye barazani walimwita maskini wa Mungu, mwanamke aliyedhulumiwa kwa sababu ya imani yake, na Mabruka aliinamisha kichwa akavuta uzi. Aliisimulia hadithi ya Khalaf mara nyingi hata ikapata mahali pa kupumzikia na mahali pa kulia.

Skuli ya wasichana Turkiya aliipenda kwa mwezi mmoja. Kisha msichana mmoja wa nyumba kubwa akakataa kukaa naye dawati moja. Akamwambia mwalimu mbele ya watu kwamba kwao watu wa rangi ile hukaa jikoni. Mwalimu alicheka kidogo, akamhamisha Turkiya nyuma. Turkiya akarudi nyumbani, akatupa mkoba.

"Sendi tena."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Wananiita khadima. Hata huku wananiita."

Mabruka akaweka kofia chini. "Na Khalaf nani atamtoa katika shamba la babaako? Mie na sindano hii? Soma, Turkiya. Soma mpaka uwe mtu ambaye Khalaf atakuja kusimama mbele yake."

Asubuhi yake mtoto aliokota mkoba. Nyuma ya darasa alisoma kuliko wa mbele wote, na kila alipomshinda yule msichana wa nyumba kubwa alimwangalia mpaka msichana akaona haya. Hakuwa mtoto wa kupendeza. Walimu walimheshimu kama wanavyoheshimu mbwa mkali.

Serikali ilipotoa nafasi za masomo ya nje, alipelekwa Cairo, akaomba sheria. Wenzake waliomba ualimu. Huko Misri baridi ilimla vidole, na wenye nyumba wakimwona mlangoni walisema chumba kimeshachukuliwa. Alivumilia. Mwaka wa tatu profesa mmoja mnene, akisoma somo la ushahidi kama anayesoma bei za mboga, alisema hivi: mdaiwa akikataa kuapa, anaweza kumrudishia mdai kiapo. Basi aape yeye mdai, na asipoapa, dai limeanguka.

Turkiya alinyanyuka akatoka nje ya ukumbi. Neno moja! Mama yake angesema neno moja tu pale ngomeni, "namrudishia," na Khalaf angelazimika kuapa uongo mbele ya Ibra nzima au kurudi nyumbani mikono mitupu. Na yule kadhi kipofu hakumwambia! Alilia kwa hasira chooni, akanawa uso, akarudi akaandika somo lililobaki. Tangu hapo hakutaka tu kushinda kesi. Alitaka kumwona Khalaf amesimama mbele ya kadhi, na kiapo kimemkaa kooni.

Alirudi Oman mwaka 1984 na shahada. Wakampa kazi Nizwa, katika idara moja ya serikali iliyosikiliza mashauri ya ardhi ya mkoa wa Dakhiliyah na ya Sharqiyah, mkoa wa Ibra, pamoja. Alipanga chumba kitongoji cha Firq, kati ya magereji, akaamshwa na nyundo kila siku kabla ya saa yake. Alikuwa mwanamke pekee katika idara, na mweusi pekee aliyekalia kiti chenye meza. Wiki ya kwanza sheikh mmoja kutoka milimani aliingia akamnyoshea kikombe kitupu bila kumtazama. Turkiya alikichukua, akakijaza chai, akamletea. Kisha akazunguka meza, akakaa, akafungua jalada lake.

"Haya, sheikh. Shida yako nini?"

Shida ya sheikh ilichukua muda mrefu sana kwisha.

Hata hivyo wanyonge walimpenda. Wajane waliokuja wakinong'ona walitoka wakisema kwa sauti. Mzee mmoja wa kijiji cha Misfat al Abriyeen, aliyenyang'anywa kijishamba chake cha ngazi za mlimani na wapwa zake, alirudishiwa, akaja na kikapu cha makomamanga akamwombea dua mpaka wenzake wakaanza kuangalia saa. Mkuu wake, Yaarub, mtu wa makamo mwenye subira, alisema Bi Turkiya anafanya kazi kama anayegombana na mtu asiyekuwamo chumbani. Alikuwa amepatia.

Mtu huyo aliingia mwaka 1987. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mashamba ya kale yasiyo na karatasi yaandikishwe yapate hati. Mwenye shamba alitakiwa aje na mashahidi wawili wa kusema ndiye analishika, kisha aape mbele ya kadhi kwamba ni lake. Lakini kiapo hicho kilikuwa cha karatasi tu. Mzee mwenye heshima zake hakuapishwa. Ofisa aliandika pembeni kwamba hakuna haja, akapiga muhuri, wakanywa kahawa. Hakuna aliyeagiza hivyo, na hakuna aliyewahi kufanya vinginevyo.

Khalaf bin Nadhir aliingia na mkongojo, mashahidi wake wawili nyuma, na kikapu cha tende mbichi za shamba lile kwa ajili ya watu wa ofisi. Alikuwa amekuwa mfupi. Turkiya alimtambua kabla hajakaa. Mzee alilitazama jina lake juu ya meza, akamtazama na yeye kwa muda, akasema kwa Kiarabu cha Ibra, "Mungu akupe nguvu, binti yangu." Basi. Wenzake walikula tende wakasifu. Yeye hakugusa hata moja, ingawa harufu yake ilimpeleka moja kwa moja nyuma ya jiko la mama yake.

Akamzungusha. Ramani ya shamba haikuwa sawa, ipimwe upya. Ilipopimwa, mashahidi walitakiwa waje tena. Walipokuja, mmoja alikuwa ameisahau kadi yake ya utambulisho. Kutoka Ibra mpaka Nizwa ni safari ya kumchosha kijana, na Khalaf aliifanya katika gari la kukodi, akashuka kila mara akishika kiuno. Kila aliporudishwa alisema inshallah, akainuka, akaenda. Turkiya alimtazama dirishani akihangaika kupanda gari, na tuseme ukweli: alifurahi. Alifurahi kama mtu anayekula baada ya kufunga.

Kisha akaandika pingamizi kwa jina lake, mrithi wa Zuhair, akaliweka ndani ya jalada ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilishughulikia. Mwanasheria wa mwaka wa kwanza anajua kwamba hilo halifanywi. Pembeni, pale panapoandikwa hakuna haja, akaandika: Aapishwe.

Yaarub alimwita. "Bi Turkiya, unataka kumwapisha imamu wa msikiti?"

"Sheria haikumtoa imamu."

"Haikumtoa, lakini hatufanyi hivyo. Na hili pingamizi lako, wewe hapa ni mwanasheria au mdai?"

"Vyote viwili."

"Haviwezekani vyote viwili."

"Basi nitolee jalada. Lakini niliyoyaandika yameandikwa."

Yaarub alilitoa jalada mikononi mwake, akalipeleka kwa kadhi kama lilivyo, maana pingamizi likishaandikwa halifutwi kwa kuoneana haya.

Siku yenyewe chumba cha kadhi kilikuwa na watu kidogo. Kadhi wa Nizwa alikuwa kijana, na alionekana hapendi kazi ile. Khalaf akasimama, mikono miwili juu ya mkongojo.

"Nani ametaka niape?"

"Mimi," akasema Turkiya, naye akasimama. "Binti wa Zuhair."

"Nakujua. Nilikujua tangu siku ya kwanza, una uso wa bibi yako. Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Hajakwambia kitu?"

"Ameniambia kila kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama aliyeelezwa bei ya kitu asichoweza kununua. Kadhi akamwambia aape. Khalaf akasema, "Sijaapa kwa ajili ya mali tangu nizaliwe, na sasa nimeshachungulia kaburi. Siapi."

"Utakosa hati, mzee wangu. Na shamba litakwenda kwa mpingaji."

"Nimesikia. Siapi."

Kaogopa! Mwizi kaogopa jina la Mungu, kajifunga kwa kinywa chake! Turkiya alitaka kucheka mle mle ndani. Alipotoka alinunua halua sokoni, bakuli kubwa, akaendesha gari mpaka Sur bila kupumzika, akiimba.

Mabruka alikuwa amekaa barazani na kofia mkononi, miwani imemshuka puani.

"Shikamoo mama! Weka hiyo sindano, leo hushoni."

"Marhaba mwanangu. Kuna nini?"

"Khalaf. Nimemwapisha, kakataa! Mbele ya kadhi! Shamba linarudi, mama. Mwizi kajisema mwenyewe."

Mabruka hakucheka. Alivua miwani, akaiweka, akaivaa tena.

"Kakataa kuapa?"

"Kakataa."

"Na kukataa kuapa ndio wizi?"

"Mama, kama si mwizi kwa nini asi..."

"Mie nilikataa," akasema Mabruka. "Nilikuwa mwizi?"

Turkiya alibaki na bakuli la halua mikononi. Watu wote duniani wangeweza kufanya kosa lile, na yeye peke yake hakuwa na udhuru. Alikuwa ameishi miaka kumi na tatu ndani ya jambo hilo hilo, kwamba mtu mkweli anaweza kukataa kiapo, na siku lilipomsimamia mbele yake na mkongojo hakulitambua.

"Sema, mama," alisema.

Mabruka akasema, pole pole, macho yakiwa kwenye kofia. Zuhair alipokwenda Unguja alimwacha mama yake Ibra, yule mwanamke mweusi wa Mrima, peke yake shambani. Akapofuka. Hakuna ndugu aliyemgusa. Khalaf na mkewe ndio waliomlisha, wakamwosha, wakamzika, na Zuhair alipopata habari alituma neno kwa watu wawili waliokuwa wakisafiri: shamba ni la Khalaf. Miaka ikapita. Zuhair aliporudi na suruali zake mbili, Khalaf hakusema kitu. Alimwacha akae humo mpaka afe.

"Babaako kaniambia kitandani. Kanambia, nikifa mtoke kwa heshima. Nikaja nikalipenda lile shamba, Turkiya. Nikamwambia Khalaf simjui wala simtambui."

"Kwa nini basi hukuapa?"

"Niape uongo?"

"Na kwa nini hukumrudishia kiapo? Yule kadhi hakukwambia..."

"Kanambia! Kanambia mara mbili. Nilijua Khalaf haapi. Ningemrudishia, angelikosa, nasi tungekula haramu. Siku ile nilifanya sawa." Akavuta pumzi. "Nilishindwa kusema tu. Kusema kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kwamba ni lake."

"Na mkewe, siku ile mlangoni?"

"Alikuja kunipa chumba. Tukae mpaka baridi iingie."

Turkiya aliliweka bakuli chini kwa uangalifu mkubwa. "Miaka yote hii. Asubuhi na jioni. Khalaf, Khalaf, Khalaf."

"Ulitupa mkoba! Ulisema huendi skuli. Ningekupa nini cha kukunyanyua? Nilikuwa na hicho tu. Nikaona kinakusomesha, nikaendelea kukupa." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na watu hapa wananiheshimu. Ningewaambia nilitolewa katika mali isiyo yangu?"

Hasira ile Turkiya aliyoibeba mpaka Cairo na kurudi nayo haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuwa imegeuka tu, imekaa barazani, imevaa miwani.

Aliporudi Nizwa alimweleza Yaarub kila kitu, amesimama. Yaarub alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba atamwandikia mkubwa wake Maskati, kwamba huenda akapoteza kazi, na kwamba akipoteza yeye Yaarub hatashangaa.

"Lakini ondoa pingamizi," alisema. "Tutampa mzee hati yake kimya kimya, yaishe."

"Haliondoki."

"Bi Turkiya! Sasa unataka nini tena?"

"Jalada linasema Khalaf kakataa kiapo. Ibra nzima imeshasikia, na imamu mwengine ameshasimama msikitini kwake. Hati ya kimya kimya haimsaidii. Kuna shahidi. Shauri lisikilizwe Ibra."

Alisema kweli. Hakusema kweli yote.

Lilisikilizwa Ibra, asubuhi, chumba kimejaa mpaka mlangoni. Kadhi alikuwa yule kijana wa Nizwa, aliyeletwa kwa ajili hiyo. Khalaf alikuwa ameshahama shambani bila kuambiwa na mtu, anaishi kwa mwanawe, na aliletwa akishikwa mikono. Wale vijana wa ukutani, sasa wanaume wenye ndevu, walisimama nyuma yake wakimtazama Turkiya kwa chuki, naye aliwarudishia yao. Hilo la khadima hakuna aliyelifuta, na hakuwa na nia ya kulifuta.

Mabruka alikuja na buibui jipya. Njia nzima kutoka Sur mwanawe hakumsemesha. Alisimama mbele ya kadhi akasema yote, kitandani kwa Zuhair na kupofuka kwa yule bibi na neno lililotumwa. Alisema vizuri. Watu walianza kunong'ona, mtu akamwita Khalaf kwa jina la heshima, na mwanawe mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Inatosha, mama," kadhi akasema, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza. "Mtu wa umri wako hatumwapishi. Neno lako tumelipokea."

Mabruka akashusha pumzi, akaanza kugeuka.

"Aapishwe," akasema Turkiya.

Kadhi akamtazama kama anayedhani hakusikia. "Huyu ni mama yako."

"Najua. Mimi ndiye mpingaji, na ametoa ushahidi dhidi yangu. Nina haki ya kiapo chake."

Khalaf akanyanyua mkongojo. "Kadhi, mimi nimeridhika. Mwache mama wa watu akakae."

"Yeye ameridhika," Turkiya akasema. "Mimi sijaridhika."

Mabruka akageuka akamtafuta mwanawe machoni. Alisema kwa Kiswahili, na katika chumba kile ni wachache tu waliokijua, "Turkiya. Mwanangu. Miaka yangu yote sijaapa."

"Ndiyo, mama. Apa."

Mabruka akanyanyua mkono. Jina la Mungu likamtoka, na baada yake maneno kwamba shamba ni la Khalaf na kwamba alilijua hilo tangu mumewe yu hai. Aliyasema chini chini hata waliokuwa mbele hawakuyasikia. Kadhi akamwomba samahani, akamwomba arudie kwa sauti. Mabruka akamtazama Turkiya tena. Turkiya alikaa, mikono juu ya magoti, akangoja mpaka mama yake aliporudia.